Skrubu ya breki ikikataa kufunguka, usiifanyie kiburi

Jumapili moja, saa kumi na mbili jioni, nilikuwa nimelala chali chini ya Probox ya anko wangu kwenye ploti yetu Kasarani. Mkononi nilikuwa na kichwa cha skrubu kidogo kama punje ya mahindi. Mwili wa skrubu ulikuwa umebaki ndani ya gari. Mafuta ya breki yalikuwa yakidondokea shati langu, tone moja baada ya jingine.

Nikasikia viatu vya anko vikikaribia. "Fundi, umefika wapi?"

Hilo jina la fundi nilijipa mwenyewe. Nilisomea mambo ya magari mihula mitatu kabla ya karo kunishinda, na tangu hapo mtu yeyote wa familia akisikia gari lake likilia hunipigia simu. Kutoa hewa kwenye breki, au kublidi kama wengi wetu tunavyosema, ni somo nililopita vizuri. Lakini gari la chuo lilikuwa likifunguliwa na wanafunzi kila muhula. Skrubu zake zilizunguka kama kifuniko cha chupa ya maji. Hakuna siku hata moja tulikutana na iliyokwama, kwa hivyo hakuna aliyetufundisha cha kufanya ikikwama.

Anko hubeba kabeji kutoka Limuru hadi Marikiti. Ijumaa, paipu ya mpira ya breki ya gurudumu la mbele ilipasuka akabadilishiwa kando ya barabara, na tangu hapo breki zikawa laini. Lazima akanyage mara mbili ndiyo gari lishike. Hiyo ni dalili ya hewa. Mafuta hayabanwi yakapungua, hewa inabanwa, kwa hivyo ukikanyaga unabana hewa kwanza badala ya kusimamisha gurudumu. Saa nane usiku alitakiwa awe njiani kuchukua mzigo ambao alikuwa ameshaulipia.

"Anko, hiyo ni kazi ya saa moja," nikamwambia tukiwa bado kwa chapati.

Kama hujawahi kuona kazi hii, iko hivi. Kila gurudumu lina skrubu moja ndogo yenye tundu katikati. Iko juu ya kalipa, kile chuma kinachobana diski, au nyuma ya dramu. Mwenzako anakanyaga breki na kushikilia, wewe unalegeza skrubu kidogo, mafuta yanatoka na hewa yake kupitia kipaipu kwenye chupa, unafunga, ndipo mwenzako anaachilia. Mnarudia mpaka mapovu yaishe, huku mkiongeza mafuta pale juu kwenye chombo chake. Kikikauka mmevuta hewa upya na mnaanza mwanzo. Dadangu mdogo alikuwa kwenye usukani, mimi nikipiga kelele chini: kanyaga, shikilia, achilia. Tungemaliza mapema. Ila hatukufika hata kwa kanyaga ya kwanza.

Skrubu ya nyuma kushoto ilikuwa imeganda. Kile kifuniko chake cha mpira hakikuwepo, na hapo ndipo shida huanzia. Kifuniko kikipotea, maji na matope ya barabarani huingia kwenye tundu na kwenye nyuzi za skrubu, kutu inajaa, na chuma kinashikana na chuma. Pia fikiria magari yetu yanakotoka. Sheria inaruhusu gari la mtumba kuingia Kenya likiwa na umri usiozidi miaka 8, na sehemu za Japani zenye theluji humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi. Unaweza kununua gari ambalo skrubu yake ilianza kuliwa na kutu kabla halijapanda meli. Walio Mombasa hata sihitaji kuwaambia habari ya chumvi.

Sasa makosa yangu. Nilichukua spana ya mdomo wazi, kwa sababu ndiyo ilikuwa karibu. Spana hiyo hushika pande mbili tu za kichwa chenye pande sita. Nikavuta, ikateleza, kona zikaanza kuwa duara. Nikavuta tena. Kona zikaisha kabisa. Nikaomba koleo ya kujifunga kwa jirani, nikabana kwa nguvu zangu zote na kuzungusha. Nilihisi kitu kikilainika na nikafurahi kwa kama sekunde moja. Haikuwa imefunguka, ilikuwa imekatika.

Na inakatika kirahisi kwa sababu iko wazi katikati. Ile skrubu ni kama mrija. Unapoibana kwa koleo unaiponda, na unapoizungusha unamaliza kilichobaki. Anayeifunga vizuri hutumia nguvu ya mkono mmoja tu, kwa hivyo ukijikuta umekanyaga ukuta kwa mguu ili uvute vizuri, jua umeshapita pale ulipofaa kusimama.

Anko aliinama akatazama. Hakugomba. Aliuliza tu, "Si itanifikisha Limuru nirudi?"

Hapo ndipo nilipofanya kitu kimoja cha maana siku hiyo nzima. Nilisema hapana. Breki inayovuja haina kujaribu, hata kama ni tone. Alitafuta pikapu ya kukodi saa tatu usiku, na kilichobaki baada ya kulipa hiyo pikapu sitakiandika hapa.

Jumatatu tulimpata mzee mmoja fundi, karakana yake iko nyuma ya kituo cha mafuta si mbali na kwetu. Alitazama gari, kisha akanitazama mimi.

"Paipu ilibadilishwa wapi, kijana?"

"Mbele, mzee."

"Sasa nyuma ulienda kutafuta nini?"

Nilikuwa na jibu. Mafuta yalikuwa meusi kama chai ya rangi, nikaona nibadilishe yote, na ukibadilisha yote kawaida unaanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Kwa magari yetu ya usukani wa kulia, mara nyingi hilo ni la nyuma kushoto. Mzee alikubali kwamba hoja ni sawa. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani. DOT 3 mpya haifai kuchemka chini ya nyuzi 205, lakini ikishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140. Ukiteremka mlima kama ule wa Mai Mahiu mguu ukiwa kwenye breki, mafuta yanachemka, mvuke unajaa kwenye paipu na pedali inaenda hadi chini. Kwa hivyo kuyabadilisha ni jambo jema. "Lakini si Jumapili jioni," akasema, "na duka la spea limefungwa."

Akanionyesha kwenye gurudumu la nyuma kulia, ambalo nalo lilikuwa na kutu vilevile. Kwanza alisugua kwa brashi ya waya mpaka chuma kikaonekana. Akapuliza mafuta ya kulegeza kutu pale nyuzi zinapoingia, akaenda kunywa chai. Akarudi, akapuliza tena. Akaniambia kwamba angekuwa nyumbani kwake angefanya hivyo jioni na asiiguse mpaka asubuhi. Kisha akachukua chuma chembamba, akakiweka juu ya kichwa cha skrubu na kukigonga kwa nyundo ndogo, taratibu, kama mtu anayebisha mlango wa wenyewe. Lengo si kuisukuma. Mtikisiko ule huvunja kutu na kuruhusu mafuta kupenya.

Halafu akatoa soketi ya pande sita. Si ile ya pande kumi na mbili, hiyo nayo hula kona. Na hakuanza kwa kufungua! Alianza kwa kukaza, kidogo mno, mpaka akasikia imesogea. Ndipo akarudisha nyuma, akakaza tena, akarudisha, akiongeza mafuta. Ilichukua kama dakika kumi. Ilipofunguka haikutoa hata sauti.

Nikamuuliza kuhusu moto, maana mtandaoni kila mtu ana tochi ya gesi. Akasema moto unasaidia kweli, lakini kwa kalipa iliyotolewa kwenye gari, imemwagwa mafuta, na ambayo uko tayari kuibadilishia mipira yake yote, kwa sababu itaungua. Mafuta ya breki yenyewe yanashika moto. Na kuna dawa za kusafishia breki zenye klorini, hizo zikikutana na moto hutoa gesi ya sumu inayoweza kukuua. Nyumbani, achana na tochi.

Ile niliyoivunja hakuhangaika nayo. Kuna wanaochomelea nati juu ya kisiki na kuzungusha, kuna wanaotoboa kwa drili. Yeye alisema kwa dramu ndogo kama hii, silinda mpya ya gurudumu inakuja na skrubu yake na haifiki elfu mbili, kwa nini ucheze na breki? Nilienda mbio Kirinyaga Road nikaileta. Hata hivyo kazi haikuwa rahisi, kwa sababu nati ya paipu ya chuma inayoingia kwenye silinda ilikuwa na kutu ileile, na ukiipinda hiyo unanunua paipu pia. Aliishika kwa spana ya ringi iliyokatwa mdomo, ile inayopita juu ya paipu na kushika karibu pande zote. Mafuta, subira, kukaza kidogo, kulegeza kidogo. Kabla ya kurudisha ile skrubu ya kulia alipaka grisi ya shaba kwenye nyuzi pekee, si kwenye ncha wala tunduni, akaifunika kwa kofia mpya ya mpira. Ziliuzwa kwa bei ya andazi.

Siku hizi kabla sijafungua hata chupa ya mafuta ya breki, nazunguka magurudumu yote manne na soketi, nijue kama skrubu zote zinasogea. Nafanya hivyo Jumamosi asubuhi. Ikikataa baada ya mafuta, kugonga na usiku mmoja wa kungoja, narudisha gurudumu na kumpigia mzee. Gari bado linatembea wakati huo, na hiyo ndiyo tofauti yote.

Hewa yenyewe, kama unajiuliza, ilikuwa mbele tu. Ilitoka kwa dakika tano.

Wiki mbili baadaye anko alinipigia simu. Gari limeanza kuvuta kushoto akifunga breki.

"Nije na spana?" nikauliza.

"Njoo na macho," akasema. "Spana ziache nyumbani."