Soma Nguo Kabla ya Kushika Mkasi

Nguo moja haina umri mmoja. Suruali ya jinzi iliyovaliwa miaka mingi huwa imekwisha magotini, imepauka makalioni na kusagika ndani ya mapaja, lakini sehemu inayofunika mashavu ya miguu, kuanzia chini ya goti hadi kwenye pindo, bado ni ngumu na nzima. Shati la kiume huanza kuchakaa kwenye mkunjo wa kola na miisho ya mikono, kisha kwapani. Mgongo wake hubaki salama. Shuka huisha katikati, pale miili inapolala na kugeuka usiku kucha, huku kando zake zikiwa hazijaguswa. Anayetaka kugeuza nguo kuukuu kuwa kitu kipya aanzie hapa: ajue ni wapi kitambaa kimezeeka na ni wapi bado kina miaka mbele yake.

Kazi nyingi za namna hii huharibika kwa sababu hatua hiyo imerukwa. Mtu anakata jinzi, anashona begi zuri, anaweka bitana na zipu, na baada ya mwezi begi linachanika pale mshipi ulipoungwa. Analaumu uzi au cherehani. Ukilichunguza unakuta mshipi ulishonewa juu ya kitambaa kilichotoka kwenye goti. Uzi umeshika vizuri kabisa. Kilichoachia ni kitambaa.

Malighafi ya kazi hii tunayo tele. Robota la mitumba, ambalo kwa kawaida huwa na kilo 45 hivi, hufunguliwa kila asubuhi Gikomba mjini Nairobi, Karume jijini Dar es Salaam na Owino mjini Kampala. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuisitisha biashara hiyo hatua kwa hatua hadi ifikapo 2019. Marekani ikatishia kuziondolea nchi hizo nafuu ya ushuru chini ya mpango wa AGOA. Kenya na Tanzania zikalegeza msimamo, Rwanda ikashikilia wake, na mwaka 2018 nafuu yake kwa upande wa mavazi ikasimamishwa. Mitumba ikabaki sokoni, na bei yake ndiyo inayompa fundi mtihani. Shati zima la mtumba likiuzwa kwa bei ndogo kuliko ujira wa kushona shati, huwezi kushindana nalo kwa kutengeneza shati jingine kutoka kwenye shati kuukuu. Inakubidi utengeneze kitu ambacho kitambaa kikuukuu kinakifaa kuliko kipya, na vitu hivyo vipo vingi.

Kabla ya yote, fua nguo, ianike, kisha iinue mbele ya dirisha lenye mwanga. Palipochakaa mwanga hupenya zaidi, nawe utaona mabaka ambayo mezani hayaonekani. Zungushia mabaka hayo chaki. Halafu shika kitambaa kwa vidole gumba viwili vilivyokaribiana na ukivute kwa nguvu ya wastani, mahali hadi mahali. Kitambaa kizima hukaza na kurudi. Kilichokwisha hutoa sauti ndogo ya kuachia, au nyuzi zake hutawanyika na kuacha uwazi. Hicho usikitumie penye kuvutwa wala kubebeshwa uzito. Kitafaa kujazia, au kukaa katikati ya matabaka mengine.

La pili ni kujua nguo imetengenezwa kwa nini. Lebo ikiwa imekatwa, chomoa nyuzi chache ndani ya pindo, zishike kwa kibano juu ya sahani ya bati yenye maji, uziwashe kwa kiberiti. Pamba huwaka upesi, hutoa harufu ya karatasi inayoungua na kuacha jivu jepesi linalopukutika. Poliesta husinyaa, huyeyuka na kuacha kitone kigumu. Sufu hunuka nywele zilizoungua. Ukiona moto unashika kama wa pamba lakini jivu lina chembe ngumu, huo ni mchanganyiko. Matokeo haya yanaamua matumizi. Vishikio vya kuipulia sufuria, kwa mfano, vishonwe kwa pamba tupu: matabaka matatu au manne ya jinzi isiyonyumbuka yanatosha. Ukitumia poliesta, joto la sufuria linaweza kuiyeyusha ikagandia kwenye ngozi ya mpishi.

La tatu ni mwelekeo wa nyuzi. Kitambaa cha kufuma kina mtande, yaani nyuzi zinazokwenda kwa urefu wa jora, na mshindio unaokatiza upana. Mtande ndio ulionyooshwa na kukazwa kwenye kitanda cha mfumi, kwa hiyo haunyumbuki sana; mshindio hulegea kidogo, na ukivuta mshazari, kona kwa kona, kitambaa hurefuka kabisa. Mshipi wa begi ukatwe kwa kufuata mtande. Upapi wa kuzungushia shingo ya gauni ukatwe mshazari ili upinde bila kufanya mikunjo. Ukikosa ukingo wa jora wa kukuonyesha mwelekeo, nao katika nguo iliyokwisha kushonwa ni nadra kuupata, vuta pande zote mbili ulinganishe: upande mgumu zaidi kwa kawaida ndio wa mtande.

Tisheti ni ukoo mwingine. Haikufumwa kwa mtande na mshindio, imesukwa kwa vitanzi kama sweta, ndiyo maana inavutika na kujikunja kingoni. Usiiunge na kitenge katika blanketi moja. Baada ya kufua mara chache kimoja kitalegea, kingine kitabaki palepale, na kazi nzima itajaa mawimbi. Tisheti iliyochoka itumie kwa tabia yake yenyewe. Ikate chini ya makwapa, uondoe pindo, kisha anza kukata utepe wa sentimita tatu ukizunguka mwili wa tisheti bila kukatisha, mpaka ufike juu. Utapata utepe mmoja mrefu. Uvute kwa mikono, nao utajikunja wenyewe uwe kamba laini ya mviringo. Suka kamba tatu pamoja, zungusha msuko kuanzia katikati huku ukiushikiza kwa sindano ya mkono, na una zulia la mlangoni. Chagua tisheti zisizo na mshono ubavuni, kwa sababu utepe hukatika kirahisi pale mishono ilipokatizwa.

Kwa anayeanza, kazi ninayoipendekeza kuliko zote ni foronya ya mto wa kochi kutokana na shati la kiume. Sehemu ngumu ya foronya ni mahali pa kufungulia, na shati tayari lina vifungo na matundu yaliyoshonwa vizuri na kiwanda. Funga vifungo vyote, geuza shati ndani nje, lilaze mezani na ulinyooshe kwa pasi. Kwa mto wa sentimita 40, chora mraba wa sentimita 43 chini ya makwapa, safu ya vifungo ikipita katikati, na uhakikishe mstari wa mshono haukanyagi kifungo chochote, maana sindano itavunjika. Bana mbele na mgongo kwa pini, kata vyote pamoja, shona pande nne zote ukiacha sentimita moja na nusu kila upande, kisha pitisha zigizaga kwenye kingo. Fungua vifungo, geuza, ingiza mto. Mfuko wa kifuani ukiangukia ndani ya mraba, uache. Ukiufumua, chini yake utakuta rangi iliyokoza kuliko shati lote, kwa sababu jua halikuwahi kufika hapo.

Shuka lililokwisha katikati lina dawa ya zamani sana. Lichane kwa urefu katikati kabisa, geuza vipande ili zile kando zilizo nzima zikutane katikati, ziunge kwa mshono bapa, kisha pinda pande mpya za nje. Kitambaa dhaifu sasa kiko pembeni, kinaning'inia au kinachomekwa chini ya godoro. Uingereza ilipokuwa na mgawo wa nguo, kuanzia 1941 hadi 1949, akina mama wa nyumbani walihimizwa kufanya hivi. Gharama ni uzi na nusu saa ya cherehani.

Vipande vidogo vinavyobaki chini ya meza ya fundi vinahitaji uangalifu wa aina nyingine, kwa kuwa vingi ni kitambaa kipya. Kitenge na khanga mpya vina dondo, na pamba ambayo haijafuliwa hurudi ikipata maji. Ukikiunga kipande kipya na kikuukuu bila kukifua kwanza, kipya kitasinyaa baadaye na kumvuta mwenzake. Pima pia kama kinatoa rangi: lowanisha kitambaa cheupe, kiweke juu ya kipande, upige pasi ya moto. Cheupe kikibadilika, fua kile kipande peke yake mpaka maji yawe meupe. Wengi huloweka kwenye chumvi wakiamini kwamba itashika rangi. Chumvi ina kazi yake wakati wa kutia rangi, lakini haiwezi kuishika rangi ya ziada katika kitambaa ambacho kimekwisha kutoka kiwandani.

Kuunga vipande ni jambo la asili kwetu. Inasimuliwa kwamba khanga yenyewe ilianzia huko: katika nusu ya pili ya karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua leso za mkononi zilizokuja zikiwa jora moja, wakazikata na kushona sita pamoja, tatu juu na tatu chini, wakapata vazi moja kubwa.

Ufundi wa vipande ninaouona umekamilika kuliko mwingi uko ng'ambo ya bahari ya pwani hiyohiyo. Katika wilaya ya Uttara Kannada, jimbo la Karnataka nchini India, wanaishi Wasiddi, wazao wa Waafrika, wakiwemo waliochukuliwa utumwani kutoka pwani ya mashariki ya Afrika na kupitishwa Goa iliyokuwa ya Wareno. Wanawake wao hushona mablanketi yaitwayo kawandi kwa nguo zilizochakaa, kwa mkono mtupu. Huchukua sari kuukuu kuwa msingi, na hawaanzii katikati. Huanzia kwenye kona, wakazunguka kingo zote, kisha huingia ndani mzunguko baada ya mzunguko mpaka vipande vikutane katikati. Kwenye kona huweka vitambaa vidogo vilivyokunjwa viitwavyo phula, yaani maua, na bila hivyo kazi huhesabiwa kuwa haijavikwa.

Utaratibu huo una hesabu nzuri ndani yake. Ukianzia ukingoni unapinda msingi na vipande pamoja, kwa hiyo pindo linamalizika kabla ya kazi yenyewe, na huhitaji kuzungushia upapi mwishoni. Jaribu kwa khanga kuukuu iliyokatwa mita moja kwa mita moja. Pinda ukingo wake sentimita mbili kwa ndani, weka kipande cha kwanza kwenye kona nacho kikiwa kimepindwa, shona kwa bandi fupi. Kila kipande kinachofuata kipandie kidogo kile kilichokitangulia, na ule upande wake ulio wazi upindwe kwa chini. Mistari ya bandi iachane kwa upana wa kidole. Vile vitambaa vilivyoshindwa mtihani wa dirishani vilaze chini ya vipande vizima, maana hapo vimeshikwa na mishono pande zote na havivutwi na chochote. Sehemu ikichakaa baada ya miaka, unaongeza kiraka juu yake kwa mshono uleule, na hakuna atakayekitambua.

Kuhusu vifaa, sindano ya cherehani namba 16 inafaa jinzi na namba 11 khanga. Kwa tisheti tafuta sindano yenye ncha butu, ambayo hupita kati ya vitanzi bila kuvitoboa. Mishono minene ya jinzi igonge kwa nyundo kabla ya kuipitisha cherehanini, na hapo zungusha gurudumu kwa mkono. Kitambaa kikuukuu kishone kwa hatua ndefu, milimita tatu hivi, na kwa uzi usiokizidi nguvu. Hatua fupi hukitoboa kitambaa kama mstari wa kuchania, na uzi mgumu kupita kiasi hukikata polepole. Mshono ukifumuka utaushona tena. Kitambaa kikichanika kando ya mshono hakuna cha kushika.

Nguo nyingine hazistahili jasho lako. Gikomba mabaki ya mwisho ya robota huitwa fagia, na mengi yake ni poliesta nyembamba iliyokwisha kusokotana vipele. Vipele hivyo haviishi kwa kunyolewa, na kitambaa chenyewe hakinyonyi maji hata kiwe tambara la kudekia. Kikate vipande vidogo ujazie mto wa sakafuni. Gauni la harusi la mama na kanzu ya marehemu babu navyo viache kabatini kwa sasa. Chukua shati ambalo hakuna atakayeliulizia, ulishone foronya, uifue mara tano, ndipo uikague kwenye mwanga. Ikiwa mishono imeshika na kitambaa hakijafunguka kando yake, usomaji wako ulikuwa sahihi, na kanzu ya babu unaweza kuishusha.