Mto Mmoja, Misimu Miwili: Jinsi Tunavyopima Maji na Samaki

Ukitaja uvuvi hapa kwetu Embu watu watakucheka. Eti samaki ni wa Kisumu na Lamu, sisi tumejaliwa chai, kahawa na muguka! Hebu shuka Mbeere ujionee. Bwawa la Kamburu lilikamilika 1974, Masinga 1981, Kiambere 1988, na tangu hapo kuna wazazi wanaolipa karo kwa ngege na kambare wa mabwawa hayo. Kwa likizo kadhaa sasa nimekuwa nikifuatana na chama cha watumiaji wa maji cha huku kwetu katika kazi ya kupima mto. Nitaeleza jinsi inavyofanywa, na kwa nini haifai kupima mara moja tu ukaenda zako.

Chukua mto Kapingazi. Unateremka kutoka Mlima Kenya, unapita kwenye chai, halafu kahawa, unaingia Rupingazi, na maji yake mwishowe hufika mto Thiba na bwawa la Kamburu. Kwa hivyo udongo unaochukuliwa na mvua katika shamba la mahindi huko juu haupotei. Umehama tu, umekwenda kukaa ndani ya bwawa. Wahandisi wa Masinga nao walikadiria udongo utakaoingia bwawani humo, lakini vipimo vya baadaye vilionyesha kuwa unaoingia ni mwingi kuliko walivyotarajia.

Kipimo cha kwanza ni kina. Mtoni kumesimamishwa ubao wenye namba kama rula kubwa, na mzee mmoja jirani huusoma asubuhi na jioni, mvua inyeshe isinyeshe, akaandika daftarini. Malipo yake ni kidogo mno. Mimi naona bila daftari la mzee huyu maofisa wote wa maji wangekuwa wakipiga ramli.

Kipimo cha pili ni wingi wa maji yanayopita, na hiki hata wewe unaweza. Tafuta mahali mto umenyooka, pima mita 10 ukingoni, kisha tupa chungwa majini. Kwa nini chungwa? Kwa sababu huelea likiwa limezama karibu lote, upepo haulisukumi. Tuseme limetumia sekunde 20: kasi ni nusu mita kwa sekunde. Ikiwa mto una upana wa mita 4 na kina cha wastani cha nusu mita, zidisha vyote vitatu upate mita moja ya ujazo kila sekunde. Halafu punguza kama moja ya tano, maana maji ya chini husuguana na mawe na kwenda polepole kuliko ya juu. Zinabaki lita 800 kwa sekunde. Hesabu ya kidato cha kwanza hiyo!

Sasa, namba hizo maana yake hubadilika na msimu. Wakati wa kiangazi zinaonyesha nani amechukua maji. Nilihudhuria mkutano mmoja wa chama ambapo mama mmoja wa kule chini alisimama akasema, "Wazee wangu, wiki tatu mto haujafika kwetu. Ng'ombe tunawapeleka wapi?" Wa juu wakajibu kwamba mvua imekosekana, wamlaumu Mungu. Daftari likafunguliwa. Ubao wa juu ulikuwa umeshuka kidogo tu, wa chini umeshuka hadi karibu na sufuri. Katikati ya mbao hizo mbili kuna pampu za kunyunyizia mboga. Basi kelele zikaisha, wakagawana zamu: pampu usiku fulani zizimwe, na kila mtu akasikia siku zake zikitajwa. Hakuna aliyepelekwa kwa chifu.

Wakati wa masika na vuli namba hizo hizo huonyesha nani amepoteza udongo. Tunajaza chupa maji ya mto, tunaiacha usiku kucha, asubuhi tunapima tope lililotua chini. Isitoshe, vuli ndio wakati wa mavuno makubwa ya kahawa, na maji ya kuoshea kahawa yakimwagwa mtoni bila kutuama shimoni kwanza huoza na kumaliza hewa ambayo samaki huvuta. Hapo tunageuza mawe na kutafuta wadudu wadogo wa majini. Wako wasiovumilia uchafu hata kidogo. Wakikosekana, ujue kuna jambo hata kama maji yanang'aa.

Samaki je? Kule bwawani hupimwa wanapoletwa na mitumbwi: urefu kutoka mdomoni hadi ncha ya mkia, uzito, na kama wana mayai. Ngege dume huchimba kiota kwenye maji ya kina kifupi. Maji ya bwawa yakishuka ghafla, kiota hubaki nchi kavu. Tope nalo huziba matamvua ya samaki na kufunika changarawe ambapo samaki wengine wa mtoni hutaga. Kwa hiyo mvuvi wa Kamburu akileta vidagaa vya kusikitisha, usikimbilie kumlaumu kwa nyavu zake peke yake.

Kuhusu kingo, sheria zipo. Kanuni za maji za 2007 ziliweka ukingo wa mita 6 hadi 30 kutoka mafuriko yalipofika juu kabisa. Mwaka 2009 aliyekuwa Waziri wa Mazingira, John Michuki, aliamuru mikaratusi ing'olewe kando ya mito. Lakini mwambie mtu mwenye nusu ekari aache mita 6! Wanaokubali ni wale waliopanda majani ya ng'ombe hapo, maana shimo la hela limezibwa kwa maziwa.

Wenzetu wa Meru wana bahati moja ambayo wengi hawaijui. Mkunga, yule samaki kama nyoka, huzaliwa baharini kisha hupanda mto Tana kutafuta mito ya baridi. Akitaka kufika Kapingazi atakutana na kuta nne: Kiambere, Kindaruma, Gitaru na Kamburu. Kathita, unaopita Meru mjini, unaingia Tana chini ya kuta hizo zote. Hapo ndipo pa kumtafuta.

Sisi wanafunzi tuna shida ya kalenda. Likizo ni Aprili, Agosti na Desemba, na Februari, mto ukiwa umekauka kabisa, tuko darasani. Daftari la Februari linaandikwa na yule mzee peke yake. Tunatafuta wanafunzi wawili wa kutwa wanaoishi karibu na daraja, wenye saa na miguu isiyoogopa maji ya baridi. Majina yapelekwe kwa katibu wa chama kabla ya muhula kwisha.