Fahamu: Mabaraza ya Sharia Uingereza yana mamlaka gani?

Ni vikao vya masheikh vinavyotoa uamuzi wa kidini kwa Waislamu, hasa kuhusu ndoa na talaka. Si mahakama. Moja ya yanayojulikana zaidi, Islamic Sharia Council la London, lilianzishwa mwaka 1982.

Nani huyaendea?

Ripoti iliyoagizwa na serikali na kutolewa 2018 ilibaini kuwa zaidi ya asilimia 90 ya waombaji ni wanawake wanaotafuta talaka. Kidini, mume anaweza kutoa talaka mwenyewe. Mke ambaye mumewe amekataa kumwacha huomba khului (talaka inayoombwa na mke), au baraza livunje ndoa.

Uamuzi wa mabaraza una nguvu kisheria?

Hapana. Hufuatwa kwa hiari. Talaka ya kiserikali, ulinzi wa watoto na kesi za jinai hubaki kwa mahakama za nchi.

Utata uko wapi?

Wakosoaji husema baadhi ya mabaraza huwabagua wanawake. Watetezi hujibu kuwa bila mabaraza hayo, wengi wangebaki wamefungwa kwenye ndoa zilizokwisha.

Tatizo jingine ni nikahi (ndoa ya Kiislamu) isiyosajiliwa. Mwaka 2020, Mahakama ya Rufani iliamua kuwa ndoa iliyofungwa Uingereza kwa nikahi pekee haitambuliwi kisheria, hivyo wanandoa hawawezi kudai mgawanyo wa mali kama wenye ndoa iliyosajiliwa.

Tofauti na Kenya

Mahakama za Kadhi nchini Kenya zimo ndani ya Katiba ya 2010, na hukumu zake zina nguvu kisheria.