Moyo na Sigara Tatu za Kutwa

Kabla ya Daraja la John Pombe Magufuli kufunguliwa Juni 2025, msafiri aliyetoka Sengerema kwenda Mwanza kwa njia ya Busisi hakuwa na budi kungoja kivuko. Kungoja huko kulikuwa na biashara zake, mojawapo ikiwa sigara zilizouzwa moja moja. Hapo ndipo mjomba wangu, mgonjwa wa mishipa ya moyo, aliponiarifu kwa fahari kwamba amepunguza sigara kutoka 20 hadi 3 kwa siku. "Nimebakiza za kungojea kivuko tu, mjomba," alisema. Kwa hesabu yake, hatari nayo ilikuwa imepungua kwa kiasi hicho hicho.

Hesabu hiyo ina kosa. Mwaka 2018 watafiti wa London walichapisha uchambuzi wa tafiti 141. Ilionekana kwamba mwanamume avutaye sigara 1 kwa siku hubeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa mishipa ya moyo aliyo nayo mwenzake avutaye 20. Kwa mwanamke ni kama theluthi moja. Mwalimu aweza kuwachorea wanafunzi grafu: mstari hupanda kwa ghafula mwanzoni, kisha mwinamo wake hupungua. Mjomba alikuwa ameteremka sehemu ile iliyo karibu na tambarare, akasimama pale mteremko mkali unapoanza.

Sababu ni kwamba moshi kidogo tu hutosha kuudhuru utando wa ndani wa mishipa, na kuzifanya chembe zinazogandisha damu ziwe nyepesi kushikamana. Katika mshipa uliokwisha kuwa mwembamba, bonge dogo la damu laweza kuziba njia yote.

Tena iko hewa ya kaboni monoksaidi. Tuifananishe himoglobini, iliyomo katika chembe nyekundu za damu, na kivuko, na oksijeni iwe abiria wanaopanda mapafuni na kushuka katika misuli. Kaboni monoksaidi ni abiria anayeshika kiti kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Chombo kikifika ng'ambo hashuki, bali hurudi nacho akiwa amekalia nafasi ile ile. Misuli ya moyo ndiyo huumia zaidi, kwani hata mtu anapopumzika huwa imekwisha kuchukua sehemu kubwa ya oksijeni inayoletwa na damu. Wakati huo huo nikotini huuhimiza moyo upige mbio. Kazi imeongezwa na chakula kimepunguzwa! Heri ni kwamba, mtu akiacha kuvuta, sehemu kubwa ya hewa hiyo hutoka mwilini katika muda wa siku moja.

Jambo jingine ambalo wapunguzaji hawalioni ni kwamba mwili uliozoea nikotini huidai. Aliyebakiza 3 aghalabu huvuta kwa nguvu zaidi, hushikilia moshi kifuani, na huimaliza sigara hadi kwenye kishungi.

Je, kupunguza hakuna faida? Kunayo, iwapo ni ngazi ya kufikia siku maalumu ya kuacha. Hata hivyo, jaribio lililotangazwa Uingereza mwaka 2016, lenye watu wapatao 700, lilionyesha kwamba baada ya majuma manne walioacha kwa mkupuo walifaulu 49 katika kila 100, na waliopunguza kwanza kwa majuma mawili walifaulu 39. Mjomba alichagua njia ya kwanza. Siku za mwanzo alikuwa mkali kwa kila mtu, nasi tulimvumilia. Hali hiyo kwa kawaida hupoa katika majuma machache.

Yapo pia maradhi ya moyo yasiyotokana na sigara, kama ule uharibifu wa vali unaoletwa na homa ya baridi yabisi, ambao huwapata hata wanafunzi wa sekondari. Baadhi ya wagonjwa hao hutumia dawa ya warfarini ili damu isigande. Moshi wa sigara huliharakisha ini kuivunja dawa hiyo. Basi mtu akiacha kuvuta, dozi ile ile yaweza kuwa kubwa mno kwake na kumletea kutokwa na damu. Yafaa amwarifu daktari wake kabla ya kuacha, ili damu yake ipimwe na dozi irekebishwe.