Kabla ya kujenga vyumba kando ya kidimbwi cha samaki

KUANZIA mwaka 2009, serikali ya Kenya ilianza kuchimba vidimbwi vya samaki mashambani kupitia mpango wake wa kufufua uchumi. Awamu ya kwanza ilitenga vidimbwi 200 kwa kila mojawapo ya maeneobunge 140, kila kidimbwi kikiwa na ukubwa wa mita 300 za mraba. Baadhi vilichimbwa hatua chache tu kutoka nyumba ya kuishi, ili mwenyewe awe karibu wakati wa kulisha na asikie mwizi akija usiku.

Miaka imepita. Watoto wamekua, soko la karibu limepanuka na wapangaji wanatafuta vyumba. Mwenye boma anayetaka kuongeza vyumba vitatu ubavuni mwa nyumba yake hujikuta akitazama ukanda ule ule uliobaki kati ya ukuta na maji. Mwashi anapouangalia, mara nyingi husema panatosha. Swali ambalo huulizwa kwa nadra ni hili: udongo uliotoka ndani ya kidimbwi ulimwagwa wapi?

Kwa kawaida ulimwagwa papo hapo pembeni, ukatengenezwa tuta la kuzuia maji. Kiasi kilichozidi kilisambazwa kuelekea nyumbani ili kusawazisha uwanja. Kwa hiyo ardhi inayoonekana tambarare na ngumu huenda ikawa ni udongo wa kujaza uliokanyagwa na ng'ombe kwa miaka kadhaa, na chini yake kuna nyasi na mizizi iliyooza. Udongo wa namna hiyo hushuka unapobebeshwa uzito, tena haushuki sawasawa. Upande ulio karibu na maji hutangulia, na ukuta mpya hujitenga na nyumba ya zamani kwa ufa unaoanzia kwenye paa.

Njia ya kujua haina gharama kubwa. Kidimbwi kikiwa kimejaa, chimba mashimo mawili au matatu yenye kina cha mita 1.2 mahali msingi utakapopita. Tazama rangi ya udongo inapobadilika, kwa kuwa hapo ndipo penye ardhi asilia. Yaache mashimo hadi asubuhi. Yakipatikana na maji ambayo hayakutokana na mvua, kidimbwi kinavuja kuelekea nyumbani, na msingi utakaa kwenye tope kila msimu. Kazi hii huhitaji vibarua wawili na siku moja.

Kidimbwi cha udongo kilichochimbwa vizuri huwa na kingo zilizolala, mita 2 kwenda nje kwa kila mita 1 ya kina. Kingo kama hizo zikiwa bado nzima, hatari kubwa iko kwenye tuta lenyewe. Msingi usikae juu ya tuta wala kwenye mteremko wake wa nje. Uanzie pale tuta linapoishia, na uchimbwe hadi kwenye ardhi asilia hata kama ni kina kirefu kuliko cha nyumba ya zamani. Ukuta wa urefu wa mita 9 wenye mtaro wa upana wa sentimita 60, ukiongezewa kina cha sentimita 90, humaanisha karibu mita 5 za ujazo za udongo wa ziada, na mawe na saruji ya kuujengea. Gharama hiyo iingizwe katika hesabu tangu mwanzo, kwa sababu fundi aliyekubaliana na mteja bei ya msingi wa kawaida hatauongeza kina kwa hisani.

Mambo hubadilika kwa wenye matangi ya samaki ya saruji, na pia kwa wenye nyumba ndogo za wageni zilizo na kidimbwi cha kuogelea. Hapa ukuta umesimama wima na unasukumwa na udongo ulio nyuma yake. Wajenzi hutumia kanuni rahisi: kutoka sakafu ya tangi, chora mstari unaopanda kuelekea nyumba, mita 1 kwenda kando kwa kila mita 1 kwenda juu. Sehemu ya chini ya msingi mpya isiwe juu ya mstari huo. Tangi lenye kina cha mita 1.5 na msingi wa sentimita 60 vinahitaji angalau sentimita 90 kati yao kwenye udongo imara. Kwenye udongo laini au wenye maji, maradufu yake ndiyo salama zaidi. Asiyeweza kupata nafasi hiyo amwite mhandisi, kwani ukuta wa tangi haukukusudiwa kubeba nyumba.

Kosa jingine hufanywa kwa nia njema. Mwenye tangi hulimwaga maji yote ili mafundi wafanye kazi bila wasiwasi. Kumbe maji yale ndiyo yanayosukumana na udongo wa nje. Likiwa tupu, hasa majira ya mvua ambapo maji ya ardhini yako juu, ukuta unaweza kuinama kuelekea ndani, na tangi zima linaweza kuinuliwa kutoka chini. Lisimwagwe bila ushauri wa mhandisi. Kidimbwi cha udongo nacho kikikaushwa kwa siku moja, kingo zilizolowa hubaki bila kitu cha kuzishikilia na huporomoka. Kikaushwe polepole, kwa siku kadhaa, samaki wakiwa wameshavunwa.

Kuvuna kabla ya ujenzi kunafaa kwa sababu nyingine pia. Maji ya saruji mbichi yakitiririka ndani huongeza magadi ya maji na kudhuru samaki. Lakini adui mkubwa zaidi ni dawa ya mchwa inayomwagwa kwenye mtaro wa msingi. Nyingi za dawa hizo ni sumu kali kwa samaki hata kwa kiasi kidogo, na hukaa udongoni kwa muda mrefu, hivyo vifaranga watakaowekwa baadaye nao wamo hatarini. Fundi aambiwe mapema. Aambiwe pia kuhusu oili chafu ya gari ambayo hupakwa mbao.

Je, vyumba vinastahili taabu hii? Tuchukue mfano. Kidimbwi cha mita 300 za mraba kikiwekwa vifaranga 1,000 wa ngege na 800 wakafikia gramu 300, mavuno ni kilo 240. Kwa Sh400 kwa kilo, hizo ni Sh96,000. Ondoa chakula kilo 360 kwa Sh120, yaani Sh43,200, na vifaranga Sh10,000. Zinabaki Sh42,800 kwa msimu wa miezi minane hivi, kabla ya kuhesabu kazi ya mwenyewe. Vyumba vitatu vya Sh3,000 kwa mwezi huleta Sh72,000 kwa muda huo huo vikikaliwa vyote, ila mtaji wake ni mkubwa mno kuulinganisha na wa vifaranga. Anayeamua kwa hesabu hii kukifukia kidimbwi ajue kwamba lazima aondoe tope lote la chini kwanza, kisha ajaze kwa matabaka ya sentimita 15 hadi 20 yakishindiliwa moja moja. Kwa maboma mengi, kuvipeleka vyumba upande mwingine wa nyumba ndiko kunakogharimu kidogo, hata ikibidi kuhamisha zizi.

Anayebaki kando ya maji apange milango ifunguke upande wa pili. Wapangaji huja na watoto. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Ua wa mita 1.2 wenye lango linalojifunga lenyewe ujengwe kabla ya mpangaji wa kwanza kuingia. Paa liwekewe mifereji: mvua ya milimita 50 kwenye bati la mita 45 za mraba ni lita 2,250, zinazotosha kuumega ukingo zikidondokea hapo. Choo kiwe upande wa chini wa mteremko, mbali na maji, na kibali cha ujenzi kiombwe kwa serikali ya kaunti kabla ya mtaro kuchimbwa. Kiangazi cha Januari na Februari ndicho kipindi kizuri cha kuanza, mradi msingi uwe umefukiwa na kushindiliwa kabla ya mvua ya masika mwezi Machi.