Judit Polgár na Farasi wa Linares

Mtaje Judit Polgár wa Hungaria mbele ya wacheza sataranji, na kila mmoja atakuwa na lake la kusimulia. Mengine ni kweli.

"Baba yake alikuwa bingwa, akamrithisha kipaji." Uongo. László Polgár alikuwa mtu wa elimu, na sataranji aliicheza kwa kujifurahisha tu. Alichoshikilia ni kwamba mtoto hazaliwi na kipaji, hutengenezewa. Yeye na mkewe Klára, naye mwalimu, wakawasomesha binti zao watatu nyumbani Budapest, jambo lililowagombanisha na wakubwa wa elimu wa serikali ya kikomunisti. Mchezo wenyewe uliibuka kabatini: Susan, kifungua mimba, alikuwa akipekua kutafuta cha kuchezea, akakutana na kete. Alikuwa na miaka 4. Judit, kitinda mimba, alizaliwa 1976. Kusema kweli, huniudhi anaposimuliwa kama jaribio la baba. Sofia, wa katikati, alilelewa nyumba hiyohiyo kwa mtindo uleule, na hakufika kuwa grandimasta, cheo cha juu kabisa cha sataranji.

"Ndiye mwanamke wa kwanza kuwa grandimasta." Uongo tena. Nona Gaprindashvili wa Georgia alipewa cheo hicho 1978, na Susan alimtangulia mdogo wake kwa miezi kadhaa. Cha Judit ni kingine: Desemba 1991, akiwa na miaka 15 na miezi 4, alivunja rekodi ya umri mdogo iliyokuwa ya Bobby Fischer tangu 1958. Rekodi ya wote hiyo, si ya wasichana.

"Kasparov alimchezea rafu." Kweli. Linares, Hispania, 1994. Judit ana miaka 17, na mbele yake ameketi mchezaji namba moja duniani. Kasparov anainua farasi wake mweusi, anamweka mraba wa c5, anamwachia. Mara anaona hatari, anamchukua tena na kumpeleka f8. Sheria haina utata: kete ukishaiachia, umecheza. Judit alimtupia jicho mwamuzi, mwamuzi kimya. Binti hakulalamika, ndiyo kwanza amealikwa kwenye shindano la wakubwa kiasi kile, na aliogopa kuzua rabsha. Akapoteza mchezo. Baadaye picha za televisheni zilionyesha vidole vimeiachia kete, kwa chini ya sekunde moja.

"Basi hakuwahi kumfunga." Alimfunga. Moscow, 2002, katika pambano la Urusi dhidi ya wachezaji wa nchi nyingine, mchezo wa haraka. Na huyu ndiye Kasparov aliyekuwa akisema wanawake hawana ubavu wa mchezo huu. Baadaye aliyameza maneno yake.

"Alikuwa bingwa wa dunia wa wanawake." Uongo, na huu ndio uongo ninaoupenda. Taji hilo hakuwahi kuligombea. Susan ndiye aliyelitwaa, 1996. Baada ya kuisaidia Hungaria kutwaa dhahabu ya wanawake kwenye Olimpiadi za sataranji za 1988 na 1990, Judit alihamia kwa wanaume na hakurudi. Mwaka 2005 alikuwa wa 8 duniani, bila kutenganisha jinsia. Orodha ya wanawake nayo aliiongoza kuanzia akiwa na miaka 12, na alipostaafu 2014 bado alikuwa kileleni. Mwaka uliofuata timu ya taifa ya wanaume ya Hungaria ilimfanya nahodha wake.