Kutoa Mimba: Wabudha Wanasemaje, na Sisi Tunasimama Wapi?

SWALI: Sisi ni familia ya Kipemba tunaoishi Mbuba, Ngara. Binti yetu amesoma kwamba dini ya Kibudha inamwachia mwanamke aamue mwenyewe kutoa mimba. Tumjibu nini?

JIBU: Sifa zote njema anastahiki Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu ‘alayhi wa sallam).

Kwanza tuwasemee wengine kwa uadilifu. Katazo la mwanzo katika Ubudha ni kuua chenye uhai, na mafundisho yao ya asili yanahesabu uhai tangu mimba kutungwa. Mtawa anayesaidia kutoa mimba hufukuzwa utawani. Wapo Wabudha wa leo wanaosema uamuzi ni wa mwanamke, na matokeo atayabeba yeye. Sheria za nchi zao nazo hazifanani: Thailand imeruhusu tangu 2021 hadi wiki 12 kwa ombi la mwanamke, ilhali Sri Lanka huruhusu pale tu maisha ya mama yanapokuwa hatarini. Basi ruhusa hiyo binti asiinasibishe na Ubudha wote.

Ama kwetu sisi, mimba ni amana. Katika hadithi ya Ibn Mas‘ud, waliyoipokea Bukhari na Muslim, wanavyuoni wamefahamu kuwa roho hupuliziwa baada ya siku 120. Baada ya hapo kuitoa ni haramu, isipokuwa madaktari waaminifu wakithibitisha kuwa mama atakufa. Kabla ya hapo wamekhitalifiana. Imam Ghazali, katika Mashafi‘i, amekataza tangu mwanzo. Kuogopa ufukara si udhuru (Qur’ani 17:31). Sheria ya Tanzania Bara pia, kifungu cha 230 cha Kanuni ya Adhabu, inamlinda daktari anayempasua mjamzito kwa nia njema ili kuokoa maisha yake.

Lakini mwanamke ana haki zake. Mume, mchumba wala mzazi hana ruhusa ya kumlazimisha atoe mimba. Na msichana akipata mimba nje ya ndoa, msimfukuze. Anayeogopa nyumbani kwao ndiye anayekimbilia mizizi na vidonge vya siri. Akitokwa na damu, mpelekeni hospitali saa ile ile, maswali yasubiri. Dhambi ina toba. Roho iliyotoka hairudi. Na kijana aliyehusika naye aulizwe, asiachiwe binti peke yake kubeba aibu.

Mwambieni binti yenu haya mapema, kabla hajahitaji kuyauliza kwa kificho.

Wa-Allahu A‘lam.